Globu Kumi za Shangazi Awo

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Alhamdulillahi! Shangazi Awo amenipa kazi ya kuwasha taa za arusi ya binti yake, Nurto, siku ya Alhamisi. Amenipa mimi, Kulmiye, fundi wa redio, akamwacha Mutuma, fundi wa stima mwenye cheti ukutani. Namshukuru Mungu. Namshukuru hata Mutuma, maana ameniazima kitabu chake cha stima na mita yake ya kupimia stima. Nilimwambia ni kwa ajili ya binamu yangu wa kidato cha pili.

Shangazi alinilea tangu mama alipofariki. Chai ya maziwa ya ngamia kila asubuhi, hakunikosesha hata siku moja. Ila kuna mwiba mmoja. Watu wakimwuliza ana watoto wangapi, husema wanne. Wa tumbo lake ni wanne. Mimi najua kuhesabu. Taa zikiwaka vizuri, labda atasema watano.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeelewa! Volti mara ampea ni wati, yaani nguvu. Volti gawanya kwa ampea ni omu, yaani ukinzani, jinsi kitu kinavyoibania stima isipite. Kitabu kilinichanganya mpaka nilipofikiria boma. Volti ni mchungaji anayesukuma. Ampea ni mbuzi wanaopita. Ukinzani ni lango: likiwa jembamba, wanapita wachache. Kwa nini hawakuandika hivyo?

Nikaleta pasi ya Shangazi kibandani kwangu, nikapima. Volti 240, ampea 5. Ukinzani omu 48. Nguvu wati 1200. Nikarudia mara tatu, jibu lile lile! Pasi yenyewe nilikuwa nimeisahau juu ya shuka la Shangazi nililolitandika mezani. Shuka limepata tundu. Shangazi akasema lilikuwa la zamani. Mungu amzidishie.

Jumatano, 10 Agosti

Uwanja wa arusi uko mbali na nguzo za stima, kwa hiyo nimekodi jenereta ndogo. Volti 240, na fyuzi yake inabeba ampea 10. Wati 2400, basi. Kila globu ni wati 100. Nikamwuliza Shangazi atatundika globu ngapi. Akasema chache tu, kumi hivi. Wati 1000! Ampea nne na kidogo. Zaidi ya nusu ya jenereta italala usingizi.

Mutuma akapita. Habari ya binamu hakuiamini hata dakika moja. Akasema ana jenereta kubwa, nichukue bure. Nikakataa, sifa nisigawane na mtu. Akasema basi angalau niende nihesabu globu mwenyewe. Nikamweleza kwamba sisi watu wa mifugo hatuhesabu mali ya mtu kwa kidole. Hata mwenyewe hasemi idadi ya kweli, jicho la watu lisije likaingia zizini. Akauliza kama nimesikia nilichosema sasa hivi. Nikamjibu nimesikia vizuri sana.

Alhamisi, 11 Agosti

Globu ishirini na sita! Mwanamke ana ngamia arobaini na husema kumi na tano. Nilitegemea nini?

Maghribi ilipokwisha, wageni wamekaa, Nurto anaingia, nikawasha. Uzuri ule! Halafu tap! Giza. Wati 2600, fyuzi imeungua. Watoto wakashangilia, wazee wakaguna. Nikatoa msumari mfukoni niuweke mahali pa fyuzi. Mutuma, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akanikamata mkono, akaninong'oneza kwamba nyaya zingeshika moto, na turubai pamoja na bibi arusi. Akaweka fyuzi mpya. Akalegeza globu sita. Zikabaki ishirini: wati 2000, ampea nane na kidogo. Zikawaka mpaka mwisho. Watu walipompongeza, akasema yeye ni msaidizi wa Kulmiye tu. Sina neno la kumshukuru mtu huyu. Inaniudhi kidogo.

Nikaenda kumwomba Shangazi radhi. Nikamwuliza kwa nini alisema kumi. Akashangaa. Akauliza tangu lini mtu akataja idadi kamili. Kitu unachokipenda unakipunguza mdomoni, jicho lisikipate. Ndiyo maana watu wakimwuliza kuhusu watoto husema wanne, na yeye anajua fika ni watano.

Nikauliza anayeachwa ni nani. Akasema hakuna anayeachwa. Kuna anayefichwa.

Nikalia kando ya masufuria ya pilau. Nikawaambia wapishi ni moshi.

Jumamosi, 13 Agosti

Siku njema! Shuriye mwenye duka aliziona taa za arusi, na sasa anataka nimtengenezee stima ya duka lake. Wakati wa chai aliuliza mama yangu Awo ana watoto wangapi. Nikajibu wanne, kwa sauti kubwa. Sijawahi kufurahia jibu namna hiyo.

Shuriye anasema ana friji moja tu. Nyuma ya pazia nilisikia kama tatu zikinguruma. Lakini mtu mwenye adabu hahesabu mali ya mwenzake. Nimeandika moja, na hesabu imetoka safi kabisa. Mutuma anaulizia mita yake. Nimemwambia binamu bado anasoma.

Namshukuru Mungu kwa kila kitu. Hata ule msumari bado ninao.