Mkwe wa Kete Nyeusi

Duniani kuna viumbe wawili tu wasioshindika: kifo, na Fundi Vioo akicheza kete nyeusi. Maneno hayo si yangu jamani, msije mkanitwisha mzigo usio wangu. Ni yake mwenyewe, na aliyasema kila alipopata sikio, hata kama mwenye sikio alikuja kukatiwa kioo cha dirisha tu na ana haraka zake.

"Sataranji ni kioo!" alikuwa akisema, huku kikatio kikilia kriiii! "Mwenzako akisogeza askari, nawe sogeza askari. Akitoa farasi, nawe toa farasi. Yeye ndiye wa kwanza kwenda, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kukosea. Hapo ndipo unapomtia adabu!"

"Na umeshamtia adabu nani?" aliuliza Mpaka Rangi, jirani yake wa karakana, aliyekuwa anakoroga rangi kwa kijiti bila hata kuinua macho.

"Wengi tu. Wengine wamehama mji kwa aibu."

Uongo mtupu! Lakini uongo wa Fundi Vioo ulikuwa na afya nzuri, ulikula ukashiba, wala hakuna aliyekuwa na muda wa kuukimbiza.

Sasa sikieni yaliyomkuta. Mama mkwe alikuja kutembea. Alisema ni siku mbili tatu tu, amwone binti yake, arudi. Wiki zikaja zikamkuta, zikamwamkia, zikaendelea na safari zao. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule. Mama mkwe akapewa kitanda alale na binti yake, maana adabu ndivyo inavyotaka, na Fundi Vioo akahamia kwenye sofa.

Sofa gani? Sofa la watu wawili, tena wafupi, tena wanaopendana! Na Fundi ni mrefu kama ngazi. Akilaza kichwa, miguu inaning'inia. Akipandisha miguu, kichwa kinakwenda sakafuni. Kila asubuhi aliingia karakana amepinda kiuno, wateja wakidhani ameangusha kitu na anakitafuta.

"Zungumza na mama yako," alimnong'oneza mkewe jikoni.

"Zungumza naye wewe. Huna mdomo?"

"Mimi? Nimtoe mama mkwe kitandani? Unataka nilaaniwe?"

"Basi lala ulipo."

Jioni moja, baada ya kula, mama mkwe akaingiza mkono kwenye begi lake akatoa ubao wa sataranji, ule wa kukunja, kete zikichakarika ndani. Mama huyu alikuwa mkunga mstaafu. Zamu zake nyingi alizimaliza akisubiri watoto wasiotaka kuzaliwa, na mtu hawezi kusubiri huku amekunja mikono.

"Mkwe wangu, nasikia huu mchezo unaujua."

"Kidogo tu, mama," Fundi akajibu, kwa unyenyekevu wa paka aliyeona sufuria haina kifuniko.

"Mimi nikicheza bure nasinzia. Basi atakayeshinda ataje anachotaka apewe, na atakayeshindwa asinune. Sawa?"

Sawa? Sawa mara mia! Fundi Vioo aliona kitanda chake kinakuja mbio kumlaki, na godoro mgongoni.

"Chagua kete, mwanangu."

"Aa, mama! Nyeupe ndiyo inayotangulia. Mkwe atamtangulia wapi mama mkwe wake? Wewe nyeupe, mimi nyeusi."

"Una adabu wewe," mama akasema, akapanga kete.

Mama akasogeza askari wa mbele ya mfalme. Fundi naye wa kwake. Mama akatoa farasi, Fundi akatoa farasi. Farasi wa mama akamla askari wa Fundi, farasi wa Fundi akamla askari wa mama. Ilikuwa raha kutazama! Mama akaleta malkia mbele ya mfalme wake, Fundi akafanya vivyo hivyo, akamkonyeza mkewe. Malkia wa mama akamla farasi. Malkia wa Fundi naye akamla farasi, pwaa, kwa kishindo.

Malkia wa mama akamla malkia wa Fundi.

"Mfalme wako huyo," mama akasema taratibu, akinywa chai.

Fundi alinyoosha mkono aige, mkono ukabaki hewani. Aige nini? Malkia wa kumlia mwenzake hayupo, kashaliwa! Na mfalme wake yuko mdomoni mwa mamba, lazima kwanza aokolewe. Ndugu zangu, kioo nacho hakijawahi kumrudishia mtu kofi.

Baada ya hapo ilikuwa mazishi tu. Mama aliposhinda, alitazama huku na huku akifikiri zawadi.

"Naomba ule mto wako, mkwe wangu. Mmoja hautoshi, shingo inaniuma."

Mto ukaenda. Jioni iliyofuata Fundi akarudi na dawa yake: kumbe jana hakuiga vizuri! Safari hii aliiga kila kitu. Mama akikohoa, naye anakohoa. Mama akipiga funda la chai, naye anapiga funda. Mama akijikuna sikio, naye anajikuna, mpaka mkewe akauliza kama ndani kuna viroboto. Akashindwa vilevile, tena mapema kidogo.

"Feni," mama akasema. "Joto la chumbani lile, mwanangu, wacha tu."

Feni ikaenda. Siku ya pili yake Fundi Vioo aliingia karakana hana mto, hana upepo, hana usingizi, akamkatia mteja kioo cha dirisha kikubwa kuliko dirisha lenyewe.

Mpaka Rangi akaweka brashi chini. "Unakufa wewe. Nionyeshe mlivyocheza."

Fundi akamwonyesha, kete kwa kete, akiusingizia mwanga wa taa. Mwenzake akacheka mpaka akajipaka rangi shavuni.

"Sikiliza, bwana mkubwa. Mweupe ameshakutangulia hatua moja. Ukimfuata nyayo, atakutangulia hatua hiyohiyo mpaka kaburini! Mwige mwanzoni ukitaka, si vibaya, lakini nyeusi nayo lazima iwe na shughuli yake. Tafuta upande mmoja ambao yeye amelala. Huku, mbali na wafalme. Lete ngome yako nyuma ya huyu askari mdogo, halafu msukume askari. Msukume tena. Wakilana, njia inafunguka, na ngome inaingia nyumbani kwa watu bila hodi."

"Bila hodi kwa mama mkwe?"

"Unataka kitanda au hutaki?"

Siku nzima walifanya mazoezi juu ya pipa, wateja wakingoja na fremu zao kwapani. Fundi alirudi nyumbani na mpango kichwani na sentensi mdomoni. Sentensi yenyewe aliikariri njia nzima: "Mama, naomba kitanda changu." Aliisema kwa upole, akaisema kwa sauti nzito. Aliisema hata kwa mbuzi mmoja aliyekutana naye, na mbuzi akampisha njia.

Mchezo ukaanza. Askari kwa askari, farasi kwa farasi, mama akitabasamu kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe. Halafu, pale mama alipomficha mfalme wake pembeni, Fundi akaiona nafasi. Hakuiga! Akapeleka ngome upande wa pili, nyuma ya askari mdogo.

Mama akaweka kikombe chini. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Ni yangu, mama."

Askari akasukumwa. Akasukumwa tena. Wakalana, njia ikawa nyeupe pee, na ngome nyeusi ikateremka moja kwa moja mpaka ua wa nyuma, ikaanza kula askari walioachwa bila mlinzi. Mama alihangaika, akaita farasi, akaita malkia. Wapi! Nyumba ikishaingiwa imeingiwa. Fundi alikuwa anachuruzika jasho, maana feni ilikuwa chumbani. Mwisho mfalme mweupe akabanwa ukutani, hana pa kwenda.

Mkewe akapiga kigelegele, akakumbuka ni mama yake aliyeshindwa, akakikatisha katikati.

"Mkwe wangu!" mama akasema, akampa mkono. "Umenishinda kihalali, na mimi si mtu wa kununa kwa kushindwa. Haya, taja. Chochote!"

Mkewe alisimama na shuka alilokuwa analikunja, akamtolea macho ya sema-basi-mume-wangu. Kitanda kilikuwa pale nyuma ya pazia, kinaonekana kipembe chake. Fundi Vioo akasimama. Akajiweka sawa. Akafungua mdomo.

"Mama," akaanza, "naomba..."

Akamtazama. Mama mkwe alikuwa ameinua uso kumsikiliza, kilemba kimekaa sawa, mikono imewekwa mapajani, mikono iliyomlea mke wake toka akiwa kitoto kichanga. Huyo ndiye wa kuambiwa toka kitandani? Kwa mdomo upi? Jasho la mchezo likakauka, likaja la aibu. Sentensi aliyoikariri njia nzima ikamtoroka.

"Naomba... yaani, kama itakupendeza, mama... usiwe na haraka ya kuondoka. Kaa nasi. Kaa hata... hata muda mrefu."

Hata yeye alishtuka kuisikia.

Mama akaweka kiganja kifuani. Machozi yakamlenga. "Jamani! Binti yangu, umemsikia mumeo? Na mimi nilivyodhani nimewachosha! Begi nimeshafunga toka mchana, nilikuwa niwaage leo, kesho asubuhi nishike njia. Lakini ahadi ni ahadi, mtu kanishinda, kaomba mwenyewe. Kafungue begi, mwanangu, nguo uzirudishe kabatini. Mwezi huu siondoki, na huo mwingine tutaona!"

Akaanza kupanga kete upya, akiimba chinichini.

Mkewe alimtazama mumewe kuanzia kichwani, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena. Kisha akamtupia lile shuka.

"Hongera, bingwa," akasema, akaenda kufungua begi.