Keki Iliyomuumbua Breki

Habari ililetwa na Kinyozi, kwa sababu vichwa vya mtaa mzima hupita mikononi mwake na maneno hudondoka pamoja na nywele. Alitoka nje, akakung'uta taulo, akatutangazia kwamba mke wa Breki amehama. Amekwenda kwa dada yake, mtaa wa nyuma, na mfukoni kabeba nguo, mswaki na kile kikwaruzo cha jikoni.

"Kikwaruzo cha nini?" nikauliza.

"Cha tangawizi."

Tulikuwa watatu kwenye benchi la mbele ya kibanda chake. Kinyozi mwenyewe; mimi, fundi viatu; na Hakimu, mlinzi wa ghala la mbao, aliyepata jina hilo kwa kukata kesi zote za mtaani bila kusikiliza upande wa pili. Breki, wa nne wetu, alikuwa hajafika. Huyu aliendesha malori tangu ujana wake, na hata alipostaafu aliendelea kuwa mtu wa kula alichowekewa. Kisha, baada ya msimu wa baridi, akaingia jikoni, akamwondoa mkewe kwenye jiko kwa upole kama anayemshusha abiria, na tangu hapo nyumba ile haikupika kitu bila tangawizi.

Hakimu akakata kesi hapo hapo. Mke huondoka kwa kipigo, kwa ulevi au kwa nyumba ndogo, alisema. Hajawahi kusikia aliyefukuzwa na kiungo. Akamalizia kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kinyozi akamjibu kwamba kwenye benchi hili hakuna mwenye jembe, kwa hiyo tuendelee.

Kinyozi alikuwa ameshakula kwa Breki. Akatusimulia maharage ya tangawizi, samaki wa tangawizi, uji wa tangawizi, na mwisho ndizi zilizochemshwa kwa sukari na tangawizi mpaka zikawa zinamkaripia mlaji. Usiku ule alipiga chafya hadi paka akahamia kwa jirani.

Hapo ndipo soga lilipowaka, na mwenye ndoa akasahaulika. Hakimu alishikilia kwamba tangawizi ni ya nyama, basi. Unaitwanga na kitunguu saumu, unaipaka nyama, unaiacha ilale. Hata ng'ombe aliyekufa kwa uzee atalainika. Lakini kuitia kwenye kitu kitamu ni kuvaa suti na malapa. Kinyozi akasema mtu asiyejua biskuti za tangawizi asizungumzie suti. Utamu mtupu, alisema, ni kama mgeni mpole asiye na maoni: unamsahau kabla hajafika mlangoni. Mama yake alikuwa akipika jamu ya nanasi, anatia tangawizi kidogo tu, na watoto walilamba kijiko hadi kikawa chepesi. Mimi nilijaribu kusema kwamba kote inafaa, kwenye chumvi na kwenye sukari, mradi mkono uwe mwepesi. Hakuna aliyenisikia, maana nilikuwa na misumari mdomoni.

Breki akatokea kwenye kona, amebeba trei iliyofunikwa kitambaa safi. Kinyozi akaanza kukung'uta taulo lisilo na nywele. Akaketi. Akasema anajua tumeshasikia. Amepika keki ya tangawizi ya kumwomba mkewe radhi, na kabla hajaipeleka alitaka sisi tuonje kwanza.

Kinyozi akanikanyaga mguu. Kumpelekea mwanamke tangawizi kwa kosa la tangawizi ni kumwomba radhi mtu kwa fimbo ile ile uliyompiga nayo. Lakini keki ilinukia vizuri, na juu ilikuwa ya kahawia iliyoiva sawasawa. Breki akatukatia vipande, chake kikubwa kuliko vyetu, akaanza kula.

Hakimu alitafuna mara moja, akasimama. Kinyozi alitemea kwenye taulo la mteja. Mimi nilimeza kwa heshima, na koo langu halijanisamehe. Ukali wa tangawizi ulikuwepo, ndiyo, lakini shida haikuwa hiyo. Keki ile ilikuwa chumvi tupu. Breki alitia chumvi mahali pa sukari, vikombe vizima, na sasa alikuwa anakula taratibu, anapangusa makombo kwenye ndevu.

Tukamtazama akimaliza kipande. Akachukua cha pili.

"Ikoje?" akauliza.

"Wewe unaionaje?" Hakimu akamrudishia, na kwa mara ya kwanza alikuwa anasikiliza upande wa pili.

"Tamu. Au sukari imezidi?"

Hakuna aliyecheka. Kinyozi akachukua trei kutoka magotini mwa Breki, akaiweka chini. "Breki," akasema, "hiyo ni chumvi."

Breki akatazama keki, kisha akatutazama mmoja mmoja, akitaka kuona kama tunamtania. Alipoona hatumtanii, mabega yakashuka, akatoa yote. Msimu ule wa baridi alishikwa na mafua makali. Mafua yakaondoka, yakaondoka na ladha. Tangu hapo ulimi wake ni kama ubao. Nyama, wali, chungwa, vyote ni kutafuna tu. Tangawizi peke yake ndiyo aliyoisikia, ule moto wake kooni, na ndiyo maana akawa anaiongeza kila siku. Jikoni aliingia kwa hofu. Jioni moja mkewe alimpikia kuku, akamuuliza chakula kikoje, naye akajibu ni kitamu sana. Mkewe akacheka, akasema leo kasahau chumvi kabisa. Breki akaona akiendelea kula chakula chake atakamatwa.

"Shemeji ni nesi," nikasema. Misumari nilikuwa nimeshaitoa. "Unamfichaje nesi ugonjwa?"

"Ningemwambiaje? Anapika tangu tuoane, na mimi sisikii kitu. Nilimwonea huruma."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Hakimu akasema.

"Huyu kaumbuliwa na keki," Kinyozi akasema. "Ana bahati. Simama twende."

Tulimsindikiza, ingawa hakuomba. Shemeji alitoka mlangoni kwa dada yake na uso wa mtu aliyejiandaa kugomba. Breki hakuzunguka. Alimweleza pale pale barazani, macho chini, tangu mafua hadi keki. Shemeji alisikiliza bila kumkatiza. Breki alipomaliza, shemeji alikaa kwenye ngazi.

"Mimi nilidhani umenichoka," akasema. "Nilidhani chakula changu kimekushinda, unaona haya kusema, ndiyo maana unanifukuza jikoni."

"Ningeuza lori nipate kukisikia tena chakula chako," Breki akasema.

"Lori halikuwa lako."

Lakini alikuwa ameshamshika mkono. Akamwamuru kesho asubuhi waende wote hospitali, akapimwe pua na ulimi, na akamwambia wapo wanaorudiwa na ladha na wapo wasiorudiwa, ila hakuna anayetibiwa kwa kujificha nyuma ya sufuria. Akaingia ndani kufungasha mfuko.

Tulikuwa tunaaga. Dada yake, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya spika ya mkutano, akatuzuia: mgeni haondoki kwake na njaa. Nilimwona shemeji, nyuma ya bega la dada yake, akitutikisia kichwa kwa nguvu, lakini hatukumwelewa. Tukaketi, tukapakuliwa.

Nimekula jeshini, nimekula safarini, nimekula kwenye misiba iliyopikwa na wanaume. Sijawahi kukutana na mchuzi ule. Wali ulikuwa mbichi na umeungua kwa wakati mmoja. Hakimu alisukuma tonge kutoka upande mmoja wa sahani hadi mwingine kama mlinzi anayezunguka ghala. Kinyozi alisema ghafla kwamba amekumbuka ana mteja aliyemwacha nusu kichwa.

Breki alimaliza sahani. Akaongezewa, akamaliza. Yule dada akasimama mbele yake na mwiko mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Huyu ndiye mwanamume," akamwambia mdogo wake, aliyekuwa ametoka na mfuko. "Chakula changu hakijawahi kurudiwa na mtu. Na wewe unamkimbia?"

Shemeji akasema hapana, amekosa, hatamkimbia tena. Breki akanyoosha sahani kwa mara ya tatu.