Shtaka Langu Juu ya Okito Anayeimba

Jumatatu, tarehe 1 Machi 1954, Kindu

Siku njema! Daktari ametukusanya wauguzi wote wa dispanseri, akatusomea amri mpya. Zamani mgonjwa akilalamika kwamba umeng'oa jino zima ukaacha bovu, Daktari alikukaripia, ukafagia uwanja, yakaisha. Sasa hapana. Shtaka litaandikwa, litakwenda mbele ya baraza la watu watatu, na mshtakiwa hatagusa mdomo wa mtu mpaka baraza liamue kama anafaa kazi. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilipiga makofi, peke yangu. Chumba chetu cha meno kina wang'oaji wawili, mimi Florentin Mpoyi na Okito, na kabla ya Pasaka mmoja wetu atafanywa mkuu. Amri hii imetoka kwa Mungu.

Jumanne, 2 Machi

Nimemshtaki Okito. Kosa lilinisumbua kulipata. Mtu yule ana mkono mwepesi, hata akina mama wa Lokandu hupanda mto kwa mitumbwi ili yeye ndiye awang'oe meno. Lakini anaimba! Akishika koleo tu, anaanza wimbo wa kanisani. Nimeandika kwamba anaimba kazini na kuwadharau wagonjwa. Karani Kalonji aliuliza kama kuna mtu aliyeumizwa na wimbo. Nikamwambia kazi yake ni kupokea mashtaka, si kuyaonja.

Jumatano, 3 Machi

Okito amesimamishwa. Mshahara wake unaendelea! Hapo sikusikiliza vizuri. Ameketi kwenye benchi uani, anakula mahindi ya kuchoma na kuwaamkia wagonjwa wangu wote. Mimi nang'oa peke yangu tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi. Mama Riziki, muuza samaki, alichungulia mlangoni, akaniona, akasema jino lake limepona. Shavu lilikuwa limevimba kama ngumi.

Ijumaa, 5 Machi

Jino langu! La nyuma, chini, kushoto. Lilianza kuuma jana nikitafuna muwa. Nimejaribu kujing'oa mbele ya kioo. Koleo limeteleza, nimejikata mdomo. Nikamwendea Okito benchini, nikajifanya napita tu. Alinisikiliza kwa adabu kubwa, kisha akajibu: "Pole sana, ndugu Mpoyi. Lakini sheria njo sheria. Miye niko mushitakiwa, siwezi kugusa mudomo ya muntu." Akanikaribisha hindi. Hindi!

Jumamosi, 6 Machi

Sikulala. Nimemwomba Kalonji afute shtaka. Shtaka likishaandikwa halifutwi, hilo nalo limo katika amri. Daktari amekwenda Lubutu, na bila yeye baraza halikai. Yeyote aliyetunga amri hii hajawahi kuumwa jino. Mke wangu Clémentine alipika sombe, majani ya muhogo, laini kabisa, akaniuliza kama naweza kumeza. Nilipotikisa kichwa akanikumbusha kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, akala fungu langu.

Jumanne, 9 Machi

Baraza! Daktari, Kalonji, na mzee Kankolongo wa stesheni. Daktari alisema mshtakiwa apimwe akifanya kazi mbele yao, akauliza kama kuna mgonjwa wa jino karibu. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

Okito alishika koleo. Kimya. Nikamtazama. Akawaeleza wazee wa baraza kwamba kuimba ndilo kosa lake, naye hataki kulirudia mbele yao. Akaanza kuvuta. Miaka yote sikujua kwamba chumba chetu kina ukimya mkubwa namna ile. Nilisikia kila kitu: koleo, jino, mfupa wa taya. Alipolegeza kidogo nikapata ulimi wangu, na maneno yaliyonitoka Kalonji ameyaandika yote: "Imba, ndugu yangu! Nakuomba, imba!"

Akaimba. Ubeti mmoja, jino likatoka. Mzee Kankolongo aliitikia kiitikio.

Baraza halikuchelewa. Okito anafaa. Shtaka limeangushwa na mshtaki mwenyewe, tena kwa sauti iliyofika bandarini.

Jumatano, 10 Machi

Okito ndiye mkuu. Alikuja kunipa mkono, akaniuliza kama nimelala. Nimelala vizuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Lakini nimefikiri. Kwa nini niliteseka pale mwanzo? Kwa sababu alinyamaza, huku akijua kwamba wimbo unapunguza maumivu. Kumnyima mgonjwa dawa! Mbele ya Daktari! Nimempelekea Kalonji shtaka jipya: Okito alichelewa kuimba. Kalonji aligonga muhuri. Okito amesimamishwa tena. Nimemwona benchini na mahindi yake.

Jino la upande wa kulia linagonga kidogo. Si kitu.