Upepo Umepelekwa kwa Kamati Ndogo

(Ukumbi wa parokia, Albert Park, Durban. Jumamosi, saa mbili asubuhi. Familia thelathini zimeketi na mabuti, masufuria na chumvi, zikisubiri basi la kwenda kuwinda swala. Mwenyekiti Elysée anafungua karatasi zake.)

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye ameshindwa kufika, mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi ambaye naye yuko njiani, baba paroko mwenye ukumbi, wazee wa Burundi, wazee wa Kongo, ndugu zetu Waislamu wazaliwa wa hapa Durban, akina mama wa masufuria, na mimi mwenyewe, Dokta wa Heshima Elysée, Mwenyekiti Mwasisi na Mratibu Mkuu wa Kamati ya Uwindaji wa Kifamilia na Usimamizi Endelevu wa Swala: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Sufuria inaanguka.)

Kwa kutambua kwamba baba zetu waliwinda pamoja na watoto wao, na kwa kuzingatia kwamba swala wakizidi wanamaliza majani halafu wanakufa njaa wenyewe, ofisi yangu, bila kusaidiwa na mtu, ilibuni framework ya kuwapunguza kwa njia shirikishi, ambapo kila familia itapata swala wake na stakeholders wote watapata supu. Na kwa mujibu wa takwimu nilizokusanya mimi mwenyewe nikiwa dirishani penye mwanga mzuri, shambani kuna swala kumi na tisa na nusu. (Mnong'ono: "Na nusu?") Takwimu ni takwimu. (Makofi machache.)

(Mama Julienne, aliyefika tangu alfajiri: "Président, basi iko wapi?") Swali zuri, mama. Basi limeshaingia kwenye roadmap. Bunduki nazo ziko katika hatua ya PowerPoint.

Naomba nimtambue kwa namna ya pekee Mzee Anatole Nzeyimana, mwindaji mtoto wa mwindaji, ambaye kwa miezi miwili, chini ya uongozi wangu imara, amezifundisha familia hizi kunyatia, peku, pumzi imebanwa, katika korido za ghorofa zetu, mpaka sekyuriti wa jengo akadhani wapangaji wamehama. Nimearifiwa kwamba mjukuu wake Lyse anahamia Cape Town keshokutwa, na mzee anataka amwonyeshe leo kile alichoonyeshwa na baba yake. Kamati imeguswa. Kamati imefungua faili.

(Mzee Anatole anasimama: "Chairman, mimi nauliza kitu moja tu. Kule shambani, asubuhi hii, upepo inatoka wapi?")

Upepo. Ndiyo. Suala la upepo, mzee wangu, ni mtambuka, na kwa uzito wake limepelekwa kwa kamati ndogo. (Mzee Anatole anamtazama Lyse kwa muda. Anainama, anavua mabuti. Lyse anavua yake. Kisha Mama Julienne.) Naona mnavua viatu kwa heshima. Ahsanteni sana, naendelea kusoma.

Awamu ya pili itahusu capacity building ya swala wenyewe. (Kimya.) Awamu ya tatu ni Makumbusho ya Pembe, yatakayopewa jina ambalo unyenyekevu wangu unanizuia kulitaja. (Kimya.) Nimehutubia mikutano mingi mjini hapa, simu zikilia, watoto wakilia, lakini utulivu wa namna hii sijawahi kuupata. Mnanitia moyo jamani. (Kimya kinazidi.)

Nikisema swala, semeni endelevu. Swala! (Kimya.) Hata moyoni inatosha. Familia! (Kimya.) Nimepokea.

Mwisho, shukrani. Kwa Ndugu Shafiek wa bucha, kule Umbilo, aliyetupa kalenda, maana picha ya mwezi wa Aprili ndiyo shamba letu, na bila yeye tusingekuwa na shamba lolote. Kwa Mama Aysha aliyeniazima miwani ya kuwahesabia swala, akiwemo yule nusu aliyekatwa na ukingo wa karatasi. Na kwenu nyote, kwa kuniamini. (Anainua macho. Viti ni vitupu. Amebaki Armel, sekyuriti, mlangoni.)

Wako wapi watu?

("Eish, Chairman, walishatoka kitambo, ata mimi sikuwasikia. Mzee amewapeleka Morningside, kule kichakani iko nyayo za paa, Lyse azione kabla hajasafiri. Alisimama hapa mlangoni, akalamba kidole, akasema upepo iko mzuri.")

Vizuri sana. Armel, chukua kalamu. Andika: awamu ya kwanza imetekelezwa.