Ombi la Kumwondoa Mwombaji Namba Saba

Kwako Dada Msimamizi wa kundi la Hatukati Tamaa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kama upo mahali pasipo na mlango, geuza simu uso chini mpaka utakapoupata. Maneno haya yasifike kundini, yasipigwe picha, wala yasisomwe kwa sauti hata ukiwa peke yako. Mimi ni karani, nina hofu, na sina wa kumweleza ila wewe.

Umesoma vizuri, nimeandika karani. Kundini mnaniita Mtarajiwa, na kila Jumatatu mnanitia moyo nisichoke kutafuta. Dada, nilipata kazi miezi mitano iliyopita.

Sikusema kwa sababu kanuni yetu ni kwamba mwanachama akipata kazi anaagwa siku hiyohiyo, anapigiwa makofi kwa ujumbe wa sauti, kisha anatolewa kundini. Mimi nipo kwenye majaribio ya miezi sita, na wahenga walishasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nikaona nikae kimya mpaka nithibitishwe. Sasa zimebaki wiki tatu, kazi yenyewe inaniponyoka, na wanaoninyang'anya ni ninyi. Kwa heshima zote nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kwamba kundi linasaidia kupita kiasi. Kwenye makundi mengine ya mtandaoni mtu akisema hana kazi hutumiwa picha ya mikono ya dua, na mambo yanaishia hapo. Ninyi mnauliza umeamka, umeoga, umetuma maombi mangapi. Mwezi wa pili nilijaribu kunyamaza ili mnisahau. Kocha, yule fundi umeme anayejitolea kutusimamia Jumatatu, alinipigia mara kumi na nne kwa siku moja. "Mdogo wangu, usijifungie ndani," akaniambia, "fungua hata dirisha." Wakati huo nilikuwa nimejificha stoo ya ofisi, ambayo haina dirisha.

2. Kwamba kila Ijumaa mwanachama lazima alete tangazo moja la kazi. Miezi mitano nimeleta matangazo mpaka nimeishiwa. Ijumaa iliyopita mezani kwangu palikuwa na moja tu, nililotoka kulichapa kwa mikono yangu. Ofisi yetu ina desturi yake: mtu wa majaribio akikaribia kumaliza, nafasi yake hutangazwa, ili mkuu ajiridhishe kwamba hakuna aliye bora zaidi nje. Tangazo hubandikwa kwenye ubao ulio nyuma ya kabati la mafaili, hivyo huomba watu wachache sana, na mtu wa majaribio huthibitishwa. Mimi nikalipiga picha, nikawaletea. Nakiri kwamba kidole kilichobonyeza ni changu, lakini kanuni ni yenu.

3. Kwamba wanachama hawana choyo. Nilitegemea wenzangu ishirini na wawili wangelirukia tangazo lile na kupigana vikumbo. Badala yake walijitoa wote. "Aliyeleta ndiye mwenye haki yake," aliandika mmoja, "na Mtarajiwa amesota kuliko sisi." Choyo kidogo tu kingeniokoa. Sijamaliza kikombe cha chai, ujumbe ukaingia: "Tayari, mwanangu. Tumeshatuma maombi kwa niaba yako. Wewe pumzika." Nilipumzika kwa kuinamisha kichwa mezani.

4. Kwamba wasifu mlionitengenezea ni mzuri mno. Ule ulionipatia kazi hii niliuandika mwenyewe, ukurasa mmoja, na mahali pa ujuzi niliweka "kompyuta, kiasi". Kisha Bibi Wasifu, yule mwalimu mstaafu, akanihoji kwa simu jioni mbili na kuandika upya. Mahali niliposema nilikaa nyumbani mwaka mmoja na nusu nikimsaidia mama, yeye ameandika kwamba nilisimamia kaya ya watu sita, nikipanga ratiba, manunuzi na usuluhishi. Nimetafuta uongo humo nisiupate. Ndiyo maana unaniuma.

5. Kwamba mkuu wangu ameusoma. Hapa nieleze kazi yangu. Maombi yakifika, mimi ndiye ninayeyachapisha, nakata majina kwa mkasi, naandika namba, kisha nafungia orodha ya majina kwenye droo. Ni amri ya mkuu tangu wajomba wa waombaji walipomsumbua mwaka jana. "Jina lina ukoo," husema, "na ukoo una simu." Safari hii yalikuja maombi saba. Nilijikata jina mwenyewe, nikajipa namba saba. Niliwaza kujipoteza, kwa siku nzima nilijiweka chini ya rejista. Lakini kila jioni natia saini kwamba hakuna barua iliyobaki, na sijawahi kudanganya kwa maandishi. Kundini nimedanganya kwa kunyamaza, nadhani hilo lina adhabu yake nyingine.

Mkuu alianza kuisoma karatasi ya Namba Saba akiwa amesimama, akaketi, akarudia tena. Kisha akaniita. "Karani, njoo uone watu wanavyoandika. Huyu Namba Saba ana mpangilio. Ungekuwa na nusu yake, hii nafasi ningeitangaza kwa kutimiza desturi tu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

6. Kwamba wadhamini wenu wanapokea simu. Mkuu aliniagiza nimpigie mdhamini wa Namba Saba, nimuunganishe, na nimwonye asitaje jina. Mdhamini ni Bibi Wasifu huyohuyo. Nilikaza sauti ili asinitambue. "Wewe kijana unayeunganisha simu una mafua," akaniambia, "kunywa maji ya moto." Mkuu aliweka simu kwenye spika na mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia Bibi akinielezea kwa dakika kumi na moja. Alisema kijana huyu akikuahidi jambo, lala usingizi. Alisema ana woga, lakini woga wake ni wa kuogopa kukosea watu, si wa kuogopa kazi. Dada, nilimwaga chai juu ya rejista ya mwezi mzima. Mkuu alitoka, akaitazama, akasema, "Namba Saba asingefanya hivi."

7. Kwamba tangu siku hiyo naishi na mtu huyu. Nikichelewa dakika tatu, Namba Saba angewahi. Nikisahau stempu, Namba Saba angekuwa nayo mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na wangu amevaa hadi soksi zangu. Mkuu amekwisha kusema kwamba usaili ni Alhamisi na kwamba, Namba Saba akiwa kama alivyoandikwa, mimi nitapewa barua ya shukrani. Barua hiyo nitaichapa mimi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kundi limwandikie mkuu kwamba Namba Saba anajitoa kwa kuwa amepata kazi kwingine, jambo ambalo si uongo, isipokuwa neno "kwingine". Ikishindikana, utumwe wasifu wa marekebisho wenye kasoro za kiasi: kwamba huchelewa, hununa, na hawezi kukunja karatasi sawasawa. Na kuanzia sasa watu wa kujitolea wamsaidie mtu mpaka akaribie kuajiriwa, kisha wamwache kidogo, maana mwanachama anaweza kuwa na mtu wake kazini asiyestahili kufukuzwa, na mtu huyo akawa yeye.

Nakutakia afya na subira. Nisalimie Kocha, mwambie dirisha nimefungua. Nisalimie Bibi Wasifu bila kumwambia salamu zimetoka wapi. Wasalimie wote ishirini na wawili, kila mmoja kwa namba yake ya foleni, na aliyepata usaili wa duka la dawa aambiwe asivae viatu vipya.

Ni mimi, kwa unyenyekevu,
Mtarajiwa

Nyongeza: Nimeitoa karatasi ya Namba Saba ili nikuandikie kasoro zake kwa usahihi, nikajikuta nimeisoma yote tangu juu hadi chini, kwa mara ya kwanza bila kutafuta uongo. Mtu huyu hujibu barua siku ileile. Mtu huyu aliwatafutia wenzake kazi kila Ijumaa, na wawili wameajiriwa. Nimemlinganisha na karani aliyepo, nikamwonea karani huruma. Kwa kweli hata mimi ningemwajiri. Tafadhali msimwondoe. Badala yake Bibi Wasifu aniandikie barua fupi ya karani kuacha kazi, yenye adabu, niwe nayo mfukoni Alhamisi nitakapoingia kwa mkuu na kuketi kwenye kiti cha waombaji. Naomba pia saa mbili za mazoezi ya usaili siku ya Jumatano, nikitoka kazini.

Kunipata: piga simu yangu mara moja, kata, kisha subiri nifike stoo. Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, maana kuta ni za mbao. Usipige simu ya ofisi hata kama ni dharura, kwa kuwa anayepokea ni mimi, na nimeagizwa kwa maandishi nisizungumze na mwombaji yeyote wala watu wake.