Ombi la Kutoletewa Mkalimani

Ndugu Msuluhishi wa Migogoro ya Wazazi na Shule,

Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kwa miaka miwili, kila wanapokutana kuhusu mdogo wangu, nimewadanganya mama yangu na mwalimu mkuu wetu, wote wawili kwa wakati mmoja, huku wakinitazama usoni. Mama hajui lugha ya shule, mwalimu mkuu hajui Kiswahili, na mimi, kwa bahati mbaya, najua zote mbili.

Barua yako inasema Alhamisi utakuja na mkalimani rasmi. Kwa heshima zote, napinga:

1. Kazi hiyo ina mwenyewe. Sina cheti, lakini hakuna aliyewahi kulalamika.

2. Mkalimani rasmi atasema kila kinachosemwa. Mimi sina tabia hiyo. Mama akisema, "Mwambie huyu, mwanangu herufi zinamchezea machoni, naye anamkalisha nyuma kama ndoo ya kudekia," mimi husema mama anashukuru kwa ushirikiano. Mwalimu mkuu akisema mtoto ni mvivu tu, namwambia mama tuvute subira. Wanapeana mikono. Mama humwita muungwana.

3. Amani hiyo ina faida. Mdogo wangu ana miaka tisa na hajui kusoma, lakini kwa kukaa nyuma amejua kuchora visogo vya darasa zima, na kila kisogo unakitambua.

4. Muhula uliopita mama alipewa fomu ya kukubali mdogo wangu aondolewe mwalimu wa kumsaidia kusoma. Akauliza, "Hii ya nini, mwanangu?" Wenzangu wa darasani walikuwa wanapita kwenye korido, na sauti ya mama naijua. Nikasema ni ya mahudhurio. Akatia sahihi, tena kwa ule mwandiko wake mzuri. Ugomvi ukaisha kabla haujaanza. Ofisi yako imewahi kufika hapo?

5. Sasa mama anaapa hakukubali kitu, na mwalimu mkuu anaonyesha sahihi. Kila mmoja anamwita mwenzake mwongo, na wote wanasema kweli. Mkalimani mgeni ataliwezaje hilo?

Kwa hiyo napendekeza kila shule ipewe kijana mmoja mwenye haya, na ofisi yako ifungwe. Poleni kwa hilo.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata huyo mkalimani. Mwambie sina kinyongo naye.

Ni mimi, dada wa mtoto anayehusika.

Tanbihi: Jana mdogo wangu alifungua kitabu akamsomea mama kwa lugha ya shule, bila kukwama. Mama akaacha sufuria jikoni, akaketi kusikiliza, machozi yanamlengalenga. Ukurasa ule ulikuwa wa mbuzi. Yeye alikuwa anasoma habari za ndege ya abiria. Amejifunza kwangu. Tafadhali mlete mkalimani, aseme kila neno, na ile sahihi ifutwe, mtoto arudishiwe mwalimu wake. Nasikia ndara za mama zinakuja mlangoni. Karatasi hii nilikuwa nimeifunika kwa daftari, nimelitoa. Imeandikwa kwa Kiswahili. Ataisoma mwenyewe.