Majina ya Kuuza Katika Wimbo wa Awino

Levis aliiona riziki yake ndani ya ukumbi wa video mjini Migori, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Filamu ilikuwa *Awino wa Remba*, iliyopigwa kisiwani Remba miaka ya sabini, na kila mtu pale alikuwa ameshaiona mpaka akaichoka. Walikuwa wamefuata wimbo wake. Mwimbaji alipomtaja Odhiambo muuza samaki, mtu wa mkono wazi, ukumbi mzima ulisimama na kulitamka jina hilo pamoja naye.

Huyo Odhiambo hakuwa mwigizaji wala chifu. Siku wimbo ulipokuwa ukirekodiwa alikuwepo tu, akafanya wanavyofanya watu wa huku muziki unapokolea: akausimamisha, akatoa pesa mbele ya kadamnasi, akajisifu, na mwimbaji akalitia jina lake wimboni. Wajaluo huiita pakruok. Odhiambo alikuwa amekufa siku nyingi, na Migori bado ilikuwa ikisimama kwa ajili yake.

Levis alisikia wivu kidogo, kisha akasikia njaa. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kampuni ya Nairobi ilikuwa inatengeneza filamu nyingine huko Homa Bay, na kwamba ingetumia wimbo uleule wa zamani, uimbwe upya na mwimbaji yuleyule, Milka wa Ndhiwa. Ukiimbwa upya kuna nafasi za majina mapya, na Levis hakuwahi kuiona nafasi asiiuze, hata kama haikuwa yake.

Tumtendee haki: alikuwa mtu wa kanuni. Hakumwibia maskini kamwe, kwa kuwa maskini hana kitu, na hakutumia jina lake halisi kazini. Alishawahi kuwa Daktari Terry na Mchungaji Nyamweya. Homa Bay aliingia akiwa Bwana Wesley, meneja wa muziki, miwani ya jua usoni.

Alianza na Cephas, mwenye malori ya kubeba samaki aina ya mbuta.

"Odhiambo alikuwa na boti moja, mzee," Levis alimwambia. "Moja tu. Na wewe uko na malori."

Cephas alijifanya hajali. "Na jina yangu itakuwa wapi? Mwanzo ama mwisho?"

"Mwanzo iko na mtu."

"Nani?"

"Hiyo ni siri ya kampuni." Levis alikohoa. "Ni mama mmoja wa hoteli."

"Roseline? Huyu wa chapati baridi atangulie mimi?"

Levis hakuwa amewahi kumwona Roseline. Alimwendea siku hiyohiyo, akamnong'oneza kwamba Cephas ameshashika mwanzo wa wimbo, na Roseline akaingiza mkono kifuani zilikokaa noti zake. Baada ya hapo wenye maduka walimtafuta wenyewe. Mfuko wake ukanenepa. Alipanga kuvuka nao mpaka Tanzania, afungue duka, akae mahali pamoja kama watu wengine. Alikuwa amechoka kukimbia, na hilo hakuwa amemwambia mtu.

Wateja walitaka kuuona wimbo ukirekodiwa kwa macho yao. Ikabidi aende Ndhiwa, akamkuta Milka akipepeta mtama. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pakruok haiuzwi mbele kama tikiti," alisema. "Mtu hutoa akisimama, watu wakimwona."

"Watatoa tena, mama. Hawa watu wako na pesa mingi na akili kidogo."

Milka alicheka. "Sawa, nitakuja. Wewe ni wa wapi, nyathina, mwanangu?"

"Nairobi."

"Hiyo pengo ya meno si ya Nairobi. Kulikuwa na fundi wa baiskeli Uriri, Nicodemus, alikuwa nayo hivyo hivyo. Alikuwa na kijana anaitwa Levis, akapotea."

Levis alisema anaharakisha, akaondoka bila hata kunywa chai.

Jumamosi mchana walijaa hotelini kwa Roseline. Levis aliweka redio yake ya kaseti mbele, iliyokuwa imeharibika tangu Krismasi. Pembeni alikaa msichana mwenye vifaa masikioni na mashine kubwa magotini. "Huyo ni Beverly wangu," Milka alisema, "anapenda tu muziki." Magitaa yakaanza. Cephas akausimamisha wimbo, akajisifu na kutupa noti katika sufuria ya Milka. Roseline akausimamisha kabla Cephas hajakaa. Wakashindana mpaka jasho likawatoka, na Levis, mfuko kwapani, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea jikoni.

Ndipo Milka akamgeukia.

"Levis wuod Nicodemus," aliimba, "Levis wa Uriri, mwenye pengo la baba yake, atembeaye bega moja chini kama aliyebeba debe la maji."

Mjaluo akisifiwa hasimami na mikono mfukoni. Levis alitoa noti kabla hajafikiri. Ilikuwa miaka mingi hajasikia mtu akimwita hivyo. Milka akapanda hadi kumsifu babu yake, na noti nyingine ikatoka. Kisha akanyamaza, magitaa yakimsubiri.

"Bado sijafika kwa mama yake," alisema polepole.

Mama yake, Jerusha, alizikwa Levis akiwa Kisumu, amejificha chini ya jina la mtu mwingine. Hakumtupia hata konzi ya udongo. Alisogea mbele ya watu wote, akaufungua mfuko na kuumimina wote katika sufuria. Milka akamwimba Jerusha, jembe lake, kicheko chake, mlango wake usiofungwa, na Levis akalia bila kujificha. Ukumbi ulimpigia makofi.

"Wesley," Cephas aliuliza makofi yalipopungua, "kwani huyu Levis ni nani?"

Roseline aliutazama mfuko mtupu. "Meneja gani ako na majina mbili?"

Levis alitoka kupitia jikoni, akaruka ua.

Cephas alipodai pesa zake, Beverly alivua vifaa masikioni na kujitambulisha: yeye ndiye fundi sauti wa kampuni. Walikuwa wametaka pakruok ya kweli, na Milka alikuwa akijiuliza atawakusanyaje matajiri wa Homa Bay chumba kimoja bila kuwalisha. Kuhusu sufuria, Milka alisema pesa za wimbo hazirudi, akamwuliza Cephas kama anataka jina lake litolewe kwenye filamu. Cephas akasema hapana, liache hapo.

Filamu ilipotoka, Levis alikuwa Isebania, mpakani, akiuza dawa ya kunguni kwa jina la Daktari Ombui. Watu walikuwa wamemzunguka, pesa mkononi, wimbo ulipoanza kusikika kutoka ukumbi wa video ng'ambo ya barabara. Wanawake wawili waliufuatisha neno kwa neno: Levis wa Uriri, mwenye pengo. Mmoja akakiangalia kinywa cha daktari, akamgusa mwenzake. Mwanamume mmoja akamwomba atembee kidogo, waone bega lake.

Njia ya kuelekea Tanzania ilikuwa wazi nyuma yake na miguu yake iliijua vizuri. Levis alishusha chupa zake chini na kubaki amesimama, kwa sababu mstari wa mama yake ulikuwa bado haujafika.